Basuni la harusi ya Mwanaisha

Mpwa wangu Mwanaisha,

Shikamoo yako naipokea nikiwa huku Likoni, ambako feri haing'oki mpaka mjomba wako apande.

Harusi yako nimeitafutia basuni, zumari la Kizungu lenye kimo changu. Mwenye duka la vitu vikuukuu akaniuliza, "Bwana, hili walijua kulipiga kweli?"

Nikamjibu, "Mpiga zumari wa Lamu afundishwe kupuliza na wewe?"

Nikautia ulimi wa tete wa basuni wote kinywani, kama tufanyavyo kwa zumari letu. Wallahi lilinguruma, mbuzi wa mtaa wakakata kamba! Nikavuta pumzi kubwa nilipige tena.

Mwanangu, Mungu akupe ndoa yenye raha. Nitakupigia zumari langu lile lile kuukuu. Ulimi wa basuni ulikuwa mmoja tu, nami nimeumeza. Tangu asubuhi nanywa madafu ushuke.

Mjomba wako, Shee