Kikombe Nisichokionja

Mjukuu wangu Mbeyu,

Salamu zako zimetufikia hapa Kinondo. Nyanyako hajambo, ila miguu yamsumbua. Wauliza, ukifungua kiwanda chako kidogo cha bia Diani, utawashindaje waliotangulia?

Nilipokuwa mgema, jirani alianza kuuza tembo kali kuliko langu, wateja wakanihama. Nami nikalitia langu spiriti. Kwetu muuzaji huonja kwanza, mteja aone ni salama. Rafiki yangu Ngao akanirudishia kikombe nionje. Nikamwambia, "Kunywa tu, si wanijua?"

Akanywa. Kulipokucha, hakuona tena.

Sikumwambia kamwe nilichotia. Hadi leo nikimtembelea hunimiminia chai, akaionja yeye kwanza, ndipo anipapasie mkono anipe.

Babu yako,
Mwero