Mwaka Radojko Alipogawa Kadi za Slava

Gornji Drenik,
12 Desemba 2023

Shangazi yangu mpendwa Leposava,

Amani ya Kristo iwe nawe huko kwenye joto lenu la Desemba, ambalo mimi mpaka leo sijalielewa. Nyonga inaendeleaje? Tangu ulipoandika kwamba umebakiza fimbo moja, naiombea kanisani kila Jumapili, na Padri Jeremija akiniona tu anauliza nyonga ya Australia imefikia wapi. Mpelekee habari njema, ameshaizoea kama muumini wake.

Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Živojin mgongo unamsumbua baridi ikiingia, lakini anakula vizuri, na mume anayekula hajafika pa kutisha. Snežana wangu ana mimba ya miezi sita. Amekataza tusinunue chochote kabla ya mtoto kuzaliwa, nami nimeshafuma soksi jozi nne na kuzificha kabatini. Usimwambie.

Shangazi, najua swali lako kabla hujaliuliza. Wakati wa Pasaka uliniuliza kama mshumaa wa slava umewaka katika nyumba mlimozaliwa wewe na Baba, nami nikakujibu habari za mvua na plamu. Nilikwepa, Mungu anisamehe. Tangu tulipomzika Baba, slava yetu, siku ya Mtakatifu Alimpije, mlinzi wa nyumba ile, ilipita mara tatu mlango ukiwa na kufuli. Mimi nimeolewa, na siku ninayoiandalia meza ni ya mtakatifu wa kina Živojin. Wa kuuwasha mshumaa wenu alibaki mmoja tu, ndugu yangu Radojko, naye alikuwa Ubelgiji.

Sasa amerudi. Alifika Septemba na masanduku mawili na goti lililopasuliwa mara tatu.

Wewe uliondoka akiwa mdogo, ukamjua kwa picha za magazeti nilizokuwa nakukatia. Basi ngoja nikukumbushe kidogo. Alianzia nyuma ya ghala la ushirika, yeye na Tihomir, mtoto wa baba yake wa ubatizo, kumu Gvozden. Mlango wa ghala ndio uliokuwa goli, Tihomir analinda, Radojko anapiga, mpaka mama zao wawafuate na ufagio. Alipofika miaka kumi na tano Baba alimpeleka mjini kwa trekta kujaribiwa, akachukuliwa siku hiyohiyo, na Baba akarudi peke yake akiimba barabara nzima. Hakuwa mfungaji. Alikuwa kiungo, mtu wa kupokea mpira kwa huyu na kumpa yule, na watazamaji hawamwoni mpaka siku akikosekana. Alicheza mjini, akaenda Ugiriki, kisha Ubelgiji miaka tisa. Timu ya taifa ilimwita mara moja, akacheza dakika kumi na moja. Baba alikuwa akizisimulia dakika hizo kwa muda mrefu kuliko mechi yenyewe.

Goti lilipomwambia basi, akabaki hukohuko Ghent kufundisha watoto mpira. Kisha ndoa ikavunjika, binti akabaki na mama yake. Hilo halisemi. Anaosha vyombo vyake, anapasua kuni ameketi, na jioni anamsomea binti yake kitabu kwenye simu kwa lugha ambayo mimi naisikia kama mtu anayesukutua.

Katika miaka kumi na minane ya kucheza alifunga mabao tisa tu, na moja kati ya hayo ndilo lililoifunga nyumba yetu. Nilikuandikia wakati ule kwa ufupi, kwa aibu. Ilikuwa mwaka 2001. Timu ya Drenik, vijana wetu wa mashambani na kiwanda cha matofali, ilihitaji sare tu ipande daraja. Mechi ya mwisho ikawakutanisha na timu ya mjini aliyokuwamo Radojko. Dakika ya themanini na nane wale wa mjini wakapata mpira wa adhabu. Golini yumo Tihomir. Tihomir huyo, tangu siku za ghala, kabla ya pigo alikuwa akichukua hatua moja kushoto bila kujijua, na duniani aliyeijua hatua hiyo alikuwa Radojko. Akapiga kulia. Hakushangilia, alitembea kichwa chini. Lakini Drenik haikupanda, na mpaka leo haijapanda.

Tihomir alitundika glavu mwaka uleule akaenda Slovenia kuendesha malori. Na kumu Gvozden, aliyemshika Radojko ubatizoni kama baba yake alivyomshika Baba, hakukanyaga tena slava yetu. Kumu asipokuja, wengine nao wanapata visingizio. Huyu ana ng'ombe anayezaa, yule kichwa kinamuuma. Mwaka wa mwisho wa Baba tuliketi sita mezani, na wanne kati yetu tulikuwa wa nyumbani.

Mwezi Oktoba Radojko aliniambia kwamba mwaka huu atauwasha mshumaa. Watu wakija, atabaki Drenik. Wasipokuja, nyumba ataiuza, maana kuna bwana mmoja wa mjini anaitaka ya kupumzikia Jumamosi na Jumapili. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya treni. Mimi nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia.

Kisha, Shangazi, akafanya kosa ambalo mtoto wa hapa wa miaka saba asingelifanya. Alichapisha kadi. Kadi arobaini, na picha ya mtakatifu juu, na chini yake maneno kwamba Radojko Stamenić anayo heshima kuwaalika siku ya tisa Desemba, saa saba mchana. Akazigawa nyumba kwa nyumba mwenyewe, akichechemea, nilipokuwa hospitali ya mjini na Živojin. Niliporudi zilikuwa zimekwisha.

Nani anaalika watu slava? Mlango huachwa wazi, anayekumbuka anakuja, anayekuja hafukuzwi, na aliyekuja mara moja anatazamiwa mpaka siku ya kufa kwake. Ukimwalika mtu unamwambia kwamba bila wewe asingekuwa na haki ya kuingia. Nilimuuliza Radojko alikuwa anawaza nini. Akaniambia kwamba Ubelgiji mtu haendi hata kwa mama yake bila kualikwa, na kwamba aliona aibu kuwaacha wakisie. Kisha akafikiri kidogo, akashika kichwa. Alikumbuka, lakini alikuwa amechelewa.

Dukani nilikoma. Stojanka, yule mwenye duka, alinipimia sukari huku ananitazama juu ya miwani.

"Desanka, tuvae suti? Bibi harusi ni nani?"

Mzee mmoja kwenye jiko la kuotea moto akauliza kama mtakatifu naye amepelekewa kadi, au yeye atakuja hivihivi. Wakacheka wote, nami nikacheka, maana ningefanya nini. Ubaya ni kwamba jambo lenyewe halirekebishiki. Ningepita nyumba kwa nyumba kusema msijali kadi, njooni tu, ingekuwa nimealika mara ya pili. Nilinyamaza, nikafunga, nikasali.

Siku ikafika, Jumamosi, na theluji nyepesi. Tulipika vya mfungo kama alivyotufundisha Bibi: maharage ya kuoka na vitunguu vingi, samaki, kabichi chachu iliyoviringishiwa wali na uyoga. Ngano ya kuchemsha, ile mgeni anayoionja kwanza akiingia, niliisaga na kokwa za jozi mwenyewe. Saa nne Padri Jeremija akaja, akaukata mkate kwa umbo la msalaba, akaumwagia divai, wakauzungusha yeye na Radojko, na Radojko akaimba kwa sauti ya Baba kabisa. Nililia tena. Mwaka huu nimelia kama paa linalovuja.

Saa saba ikaja, Padri ameshakwenda zake. Hakuna mtu. Saa nane, hakuna. Živojin anatazama sahani, mimi natazama barabara, na Radojko amesimama kando ya mshumaa, maana mwenye nyumba haketi siku ya slava, huwahudumia wageni kwa miguu yake. Nikamwambia akae, hakuna mgeni, anamsimamia nani? Akasema anamsimamia Alimpije, ambaye alisimama juu ya nguzo miaka hamsini na tatu. Nikamkumbusha kwamba hata Alimpije mwishowe miguu ilimshinda akalala ubavu miaka kumi na minne. Akatabasamu, hakukaa. Goti limevimba mpaka suruali imekaza.

Saa tisa na nusu mbwa akabweka. Nikachungulia. Shangazi, alikuwa kumu Gvozden, miaka sabini na tisa, na koti lake la Jumapili, anaivuka theluji kama anayehesabu hatua.

Akaingia. "Slava njema, mwenye nyumba."

"Mungu akujalie, kumu. Karibu."

Akafanya ishara ya msalaba, akachukua kijiko cha ngano, akala. Hakuketi. Mimi sikuthubutu hata kusogeza kiti. Ndipo Radojko akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema, si kwangu wala kwa Baba.

"Kumu, ile hatua ya Tihomir niliijua. Miaka yote nasema bao lile lilikuwa bahati. Halikuwa bahati."

Gvozden alitafuna mpaka ngano ikaisha mdomoni. "Jana nilimpigia simu. Nikamwambia nimeletewa kadi kama mpiga zeze wa harusi, nimeitia jikoni, ikawaka vizuri. Akacheka huyo. Akasema, baba, Radojko angenipigia upande mwingine kwa kunihurumia, ningemdharau mpaka leo. Nenda ukale samaki."

Radojko akashusha pumzi. Lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Yeye ni kipa," akasema. "Mimi ni baba. Kipa alishasahau kabla ya kuvua viatu. Mimi nilikuwa nangoja mtu aniambie kwamba mwanangu hakuwa mzembe, kwamba alifungwa na anayemjua."

"Hakuwa mzembe, kumu. Ukiniondoa mimi, hakuna mtu pale angemfunga."

Gvozden akaitikia kwa kichwa taratibu mara kadhaa. Kisha akamtazama miguuni, akamwambia akae, goti linatetemeka mpaka glasi zinalia mezani. Radojko akajibu kwamba mwenye nyumba haketi.

"Basi nipe hiyo chupa," kumu akasema, "nisije nikamzika niliyembatiza."

Akaichukua rakija, pombe yetu kali, mkononi mwa Radojko, akammiminia Živojin, akanimiminia mimi, akajimiminia mwenyewe. Na mchana ule wote, Shangazi, mzee yule ndiye aliyezunguka meza akihudumia na kunung'unika, ili ndugu yangu asihitaji ila kusimama pale penye mshumaa.

Maana wengine walikuja. Walikuwa wamekaa dukani dirishani, wakamwona Gvozden anapita na hatoki. Wa kwanza akawa Stojanka na mume wake. Akasema alikuwa anapita tu. Anapita tu, na keki ya jozi mikononi! Kisha wakaja wa kiwandani, wale waliocheza siku ile, wameota vitambi, wakaanza kumweleza Radojko kwamba mpira ule wa adhabu haukuwa halali tangu mwanzo, mwamuzi alikuwa kipofu. Hakuna aliyetaja kadi. Ukitujumlisha mimi na Živojin, bila kumhesabu mwenye nyumba aliyesimama, tulifika kumi na saba, na maharage yalikwisha. Jioni Radojko akauzima mshumaa kwa divai, nasi tukasimama wote.

Juzi, Jumapili, tulipotoka kanisani, yule bwana wa mjini alimpigia simu. Nilikuwa kando yake, nikasikia. Radojko akamwambia nyumba haiuzwi, inakaliwa. Yule bwana akasema yeye ameambiwa anaishi humo mtu mmoja tu.

"Umedanganywa," ndugu yangu akasema. "Tuko kumi na wanane."

Nisalimie mwanao Borivoje na mke wake, na wajukuu wote hata wale wasiojua Kiserbia, wabusu tu wataelewa. Živojin anakusalimu, Snežana anakusalimu, kumu Gvozden ameniagiza nikuambie kwamba bado anakumbuka ulivyomshinda kukimbia mwaka wa mafuriko. Radojko ataandika mwenyewe, nimemlazimisha.

Mtakatifu Alimpije akushike mkono unaposimama na unapoketi, na Bwana ailaze nyonga yako kwa amani kila usiku.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupungukiwa,

Desanka