Dole Gumba la Mahudhurio

Nyumbani, 9 Februari 2025

Mume wangu Elieza,

Hivi Miyuji ni nchi gani, mtu akienda harudi? Krismasi hukuja. Juzi msibani wananiuliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikasema ameoa mji. Hujambo lakini, mjukuu wangu? Jenifa na tumbo lake wanaendeleaje? Mimi mzima, ila goti la kushoto linagoma kuinuka. Uwele umeota vizuri.

Anayeniandikia ni mke wa katekista. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe. Simu sitaki, hili nataka likae kwenye karatasi.

Ile ardhi ya akiba tuliyoitenga tulipohamishiwa hapa, tukasema ni ya watakaozaliwa wakikosa pa kulima, viongozi wa kijiji wanataka kumpa mtu wa mashamba ya zabibu. Akae nayo miaka thelathini na tatu! Mkutanoni nikasimama nikauliza, "Wenye ardhi mmewauliza?" Mwenyekiti Batholomeo akasema, "Wenyewe si ndio sisi, bibi?" Nikamwambia, "Wewe umebakiwa na meno manne. Nawasema ambao hawajazaliwa." Akajibu, "Basi waite waje wanyooshe mikono." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kisha ikaniuma. Tukatawanyika bila kukubaliana.

Wewe kazi yako ni ramani za ardhi. Wasemee.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Nyemo


Miyuji, 2 Machi 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Jenifa miguu inamvimba, ila kliniki wamesema asiogope. Pole na goti.

Barua yako imechelewa, nimeipata jana, na sikulala. Kazi ya kupima ardhi hiyo ilipewa kampuni yetu. Wenzangu walikuja huko kupima, mimi nikachora ramani hapa ofisini. Kabla ya kuchora nilisoma muhtasari wa mkutano: unasema kijiji kizima kimeridhia. Nilisita. Nikapekua majina nikakuta lako, la arobaini na moja, na dole gumba pembeni. Nikajisemea, kama Bibi Nyemo amekubali, mimi ni nani? Nikachora, nikasaini.

Bibi, ulikubali au hukukubali?

Mjukuu wako,
Elieza


Nyumbani, 10 Machi 2025

Elieza,

Salamu zimefika. Goti liache.

Dole lile ni la mahudhurio! Kila mkutano tunapita mlangoni, tunagusa wino, tunabonyeza, tunakaa. Asiyebonyeza anahesabiwa hakuja. Wamechukua karatasi ya waliokuja wakaigeuza ya waliokubali. Na mimi mjinga nilibonyeza kwa nguvu, lionekane vizuri!

Lakini wewe umesoma. Uliliona dole la bibi yako, ukashindwa hata kupiga simu kuuliza? Ulisita, umesema mwenyewe. Kilichokusitisha ulikifukuza cha nini?

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na goti hili bovu. Watu sitini na mbili wanasema hawakukubali. Mke wa katekista ameandika malalamiko, tumepeleka wilayani. Na wewe waambie wakubwa wako kwamba ramani yao imesimama juu ya uongo. Moyo wako naujua, nimeulea mimi. Kula vizuri, mnapokonda mjini hamjijui.

Bibi yako


Miyuji, 29 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Nimemwambia bosi. Akaniuliza, "Sahihi ni ya nani? Ukisema ni uongo, umejisema mwenyewe." Kazi inaweza kwenda, Bibi, na sitaajiriwa tena kwenye fani hii. Mtoto anazaliwa Mei. Unataka niwatetee watoto ambao hawapo, na huyu anampiga mama yake mateke kila siku? Nipe muda.

Mjukuu wako,
Elieza


Nyumbani, 8 Juni 2025

Mume wangu,

Miezi miwili kimya. Habari za mtoto nimezisikia kwa watu: wa kike, mzima. Mungu ashukuriwe. Jenifa mpe pole ya uzazi, anywe uji wa moto, asiwahi kuinama.

Wiki iliyopita alikuja ofisa wa wilaya kusikiliza malalamiko. Wale sitini na mbili tumebaki kumi na tisa. Wengine wameahidiwa vibarua kwenye zabibu. Ofisa akauliza, "Aliyechora ramani hii, kuna anayemfahamu?" Batholomeo akanitazama. Mke wa katekista akanitazama. Na mdomo huu unaoujua ukasema, "Hatumjui."

Nimekukana, Elieza. Nilikuficha wewe nikawaacha ambao hawajazaliwa, mimi niliyekuwa nauliza nani atawasemea. Kwa hiyo sikuiti mwoga. Aliye mbele ya macho ana nguvu sana. Asiyeonekana ana haki tu, basi.

Ofisa anarudi Ijumaa tarehe ishirini, saa nne asubuhi, kwa mara ya mwisho. Njoo. Ukishuka kwenye basi usipite kwangu, nikikuona nitakuonea huruma nikuzuie. Nenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, ukae mbele. Sema jina lako na la baba yako, kisha sema ulichofanya. Ukimaliza, ndipo uje nyumbani ule.

Bibi yako,
Nyemo