Wasifu Uliosomwa kwa Zama

Baba,

Maendeleo ni mwendo wa kitu kutoka hali duni kwenda hali bora, kwa kipimo kilichokubaliwa kabla ya mwendo kuanza. Kipimo kisipokuwepo, tulicho nacho ni mabadiliko tu. Naanza hivyo kwa sababu hukuwahi kumaliza kusoma andiko lisilofafanua istilahi zake.

Tangu tukuzike, darasa lako la fasihi la kila Jumamosi katika ukumbi wa chini wa jengo letu hapa Etobicoke, Toronto, halina mwalimu. Wazee wa jumuiya wanataka kumpa Festo, mpwa wako anayeuza nyumba Pickering. Wamevutiwa na namna alivyosoma wasifu wako kanisani. Ulikuwa umelala mbele yetu, nashukuru hukusikia.

Aliusoma kwa Kiingereza, akaupanga kwa zama za fasihi ya Kiingereza kama ulivyozichora ubaoni: ngazi, kila zama juu ya nyingine. Utoto na ujana wako Moshi akauita zama za giza. Chuo kikawa mwamko. Toronto ikawa usasa, kileleni. Watu wakapiga makofi. Msibani, Baba.

Mama akaninong'oneza, "Anasemaje huyo?" Nikamtafsiria.

"Kumbe niliolewa gizani!" Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha akalia.

Festo hakubuni upuuzi ule, aliukariri kutoka darasani kwako. Waingereza walianza na tungo zilizoghaniwa mbele ya watu na kuhifadhiwa kichwani. Baadaye jukwaa lao likastawi, kisha wacha Mungu wenye msimamo mkali wakafunga kumbi za maonyesho. Hapo walipanda au walishuka? Ikaja zama iliyotukuza akili na urari, ikafuatwa na nyingine iliyodharau urari huo na kutukuza hisia. Kila moja ilijiona kilele, na hakimu siku zote alikuwa yule aliyezaliwa mwisho. Anayeona maendeleo hapo hajasoma vitabu, ametazama kalenda.

Nakukumbuka ukisahihisha insha mezani, chai ikipoa. "Usiniletee sifa, niletee hoja." Basi hii ndiyo hoja, na sehemu yake inakuangukia wewe. Natamani... natamani ungenijibu.

Nimewaambia wazee kwamba darasa nitalichukua mimi. "Dada, wewe mkali mno, watoto watakimbia," mwenyekiti akasema. Nikamjibu, "Wakimbie, lakini wasikimbie wakiamini kwamba bibi zao waliishi gizani."

Pumzika, Baba. Ile ngazi nitaifuta, darasa sitaliacha, nitalifundisha kwa Kiswahili, na Mama atakaa mstari wa mbele akielewa kila neno. Limebaki jambo moja, nami sijalipatia jibu. Watoto hawa hutusikia kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Nikianza na tungo za bibi zao, watadhani kilichotangulia ndicho duni. Nikianza na za Waingereza, watadhani hizo ndizo msingi. Nianze na zipi?