Nilienda Kumusalimia Tu

Jumanne, mangaribi

Avoka tano mu kitunga, basi. Kusalimia tu.

Mama Dorika, tuliimbaka naye ku kwaya, alihamia Mudzipela. Leo sikuwa na zamu ya kusoma habari ku télé, nikapanda pikipiki nikaenda. Kuniona ku mulango, sahani ikamuanguka. Akakaa chini, akalia kwa nguvu: "Ni Désiré? Weye sema tu! Ni mutoto wangu?"

Désiré iko anauzisha maharagi kule Bule. Majirani wakakimbia, wengine wakaanza kutoa viti inje, kama kwa matanga. Na mimi sijasema hata neno moja!

Nikapigia Désiré simu. Mama aliposikia sauti yake ndipo alinyamaza.

Miaka makumi mbili niko nasoma habari, na kila mangaribi, kabla ya kufunga, komunike, yale matangazo ya vifo. Jamaa wanaleta karatasi, mimi nasoma majina. Nilizania watu wananipenda juu ya sauti yangu.

Nikitoka, akanishika mukono. "Usikasirike, dada. Lakini siku ingine utume muntu. Weye usikuje."

Avoka nimerudi nazo zote tano.