Baiskeli ya Ng'ombe Saba

Kongwa, Agosti 1912

Kaka Matonya, shikamoo. Pole na kazi za mkonge huko Tanga.

Mtama tumevuna, mama hajambo. Uliuliza kama kweli nina baiskeli. Ninayo. Mdachi aliyenipa alisema kuanzia hapa hadi Tabora zipo mbili tu, na hata jumbe hutoka nje kuitazama. Ila miiba ya migunga imetoboa mipira yote, na mingine haipatikani, kwa hiyo naikokota. Kila asubuhi naipangusa.

Mwezi uliopita dada yetu Dorkasi alirudi nyumbani, mgongo umevimba kwa fimbo za mumewe. Mama akaniambia, "Warudishie mahari yao, mwanangu abaki." Mume akaja kudai ng'ombe wake saba. Ndio hao niliompa Mdachi kwa baiskeli. Nikamtolea baiskeli. Alicheka, kaka.

Dorkasi alifungasha vitu vyake. Nilimrudisha mimi mwenyewe kwa mumewe, mzigo wake nimeufunga kwenye baiskeli. Njia nzima watu walitoka kuitazama na kutupigia vigelegele.

Ni mimi mdogo wako,
Nikodemo