Kaza, Kisha Rudisha Robo

Baba yangu mpendwa,

Leo Jumapili nimeandika mistari mitatu kwenye daftari langu la kila siku, kisha nikafuta miwili. Si kawaida yangu, unajua. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Unakumbuka ulivyonifundisha mashine yetu ya kusaga, hapa nyuma ya nyumba, kijijini Quitunda? Uliweka mkono wako juu ya wangu, tukashika spana pamoja. "Kaza mpaka ilie," ulisema, "kisha rudisha robo." Robo ya mzunguko, kila bolti. Akina mama waliosubiri na mabeseni ya makopa walitucheka: "Fundi, binti huyo muoze kwa mashine!" Nawe ukajibu, "Mashine yenyewe haina mahari."

Sikukuuliza kwa nini robo. Nimepekua madaftari yangu yote. "Rudisha robo" nimeandika mara nyingi, sababu sikuandika hata mara moja.

Sasa niko darasa la kumi na moja. Asubuhi nasoma, alasiri najifunza umekanika wa viwandani pamoja na wenzangu wanaoota kazi za mitambo ya gesi kule Afungi. Mwalimu wetu, mestre, ametoka Beira. Kiswahili chake ni cha kuokota, lakini mikono yake haikosei. Jumanne alinipa nifunge kifuniko cha pampu ya maji kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak" nguvu inayotakiwa ikifika. Bolti nane. Kila ilipolia tak, mkono wangu ulirudisha robo wenyewe, wala sikujua.

Pampu ilipowashwa, maji yaliruka kila upande, yakamlowesha mestre mpaka kifuani.

"Fundi wa bafu!" mmoja akapiga kelele, wote wakaangua kicheko.

Mestre hakucheka. "Nani kakufundisha kurudisha?"

"Hakuna mtu, mestre."

Nilisema hivyo, Baba. Nilirudi nyumbani nimekukasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na sijui hasira ipi ilitangulia.

Jana mama aliniambia mashine inatikisika. Nikaikaza kwa njia ya mestre, bila kurudisha. Bolti ya pili ikakatika mkononi mwangu.

"Haya, fundi wa shule," wakasema akina mama, "leo tupike nini, hiyo bolti?"

Mama aliingia ndani. Alileta kopo lako la bolti ulizokuwa ukizitoa kwenye magari mabovu. Kwa mara ya kwanza niliziangalia vizuri. Zimechoka, meno yamelika, hakuna hata moja iliyowahi kununuliwa mpya. Nikafunga mojawapo, nikakaza, nikarudisha robo. Mashine ikasaga mpaka makopa yote yakaisha.

Basi robo ilikuwa kwa ajili ya bolti hizi zilizochoka, zisikatike. Au ndivyo ninavyodhani. Huenda nawe ulipokea tu kwa fundi wako, bila kuuliza, kama mimi. Hilo nalo linanichanganya.

Kesho mestre atanipa pampu ile ile. Nikikosea tena, nafasi yangu anapewa mwingine. Nimefanya mazoezi hapa mezani kwa nati na kipande cha chuma: katika mara kumi, mara nne mkono umerudi wenyewe. Nataka mkono uache, halafu naogopa ukiacha. Mashine itakuja kuchakaa, kopo litaisha. Zaidi ya hiyo robo, nitabaki na nini kilichotoka mkononi mwako?

 Jambo nililo na uhakika nalo ni moja, na ndilo lililo kwenye mstari ule ambao sikuufuta. Kesho nitakaza mpaka tak, niitoe spana kabla mkono haujakumbuka. Na kabla mestre hajawasha pampu, nitamwambia kwamba Jumanne nilimdanganya. Hata maji yakimlowesha tena, atakuwa ameshajua kuwa nilifundishwa na baba yangu.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Ni mimi, binti yako wa spana.